Sinema ya Mapipa

Nyangeta tulimzika Jumanne, na Ijumaa yake nilikuwa Bunda, nimekaa kwenye kitanda cha binti yake, natazama wanawake wawili wa Kijapani wakikoroga mapipa. Najua si adabu kutoka msibani na kwenda kutazama sinema. Lakini Neema, huyo binti, ndiye aliyenishika mkono kule kwao, kijiji kimoja ukiipita Butiama kuelekea Buhemba, tulipokuwa tunasugua masufuria baada ya matanga. Aliniambia, "Mama mdogo, kabla hujarudi Musoma upitie kwangu Manyamanyama. Kuna kitu mama aliniachia kwa ajili yako." Bunda si njia ya Musoma, ukifika Makutano unageukia upande wa pili kabisa, ila mtu aliyefiwa habishiwi kwa habari ya barabara. Nilidhani ni kitenge. Wanawake wa umri wetu huachiana vitenge, au picha ya zamani yenye madoa. Njia nzima nilikuwa napanga jinsi nitakavyokipokea kwa mikono miwili na kulia kidogo, maana kaburini sikuwa nimelia vya kutosha na nilihisi watu wameliona. Katekista alikuwa amenivuruga. Alipofika mahali pa kumtaja marehemu kuwa mke wa nani, alisimama, akasema "mama yake Neema" na kuendelea. Nyangeta alikuwa mke wa mwanamke, na kitabu cha katekista hakina mstari wa kuandikia jambo hilo.

Kwa asiye wa kwetu nieleze mara moja, nisirudie. Bibi mwenye ng'ombe aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kuoa binti, kwa mahari kamili, mbele ya wazee. Wanakaa nyumba moja. Binti anatafutiwa mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanakuwa wa bibi na wa marehemu mume wake. Tunaita nyumba ntobhu. Wapo waliotendewa vema ndani ya nyumba hizo, nawajua, wengine wamezeeka wakimlilia bibi yao kuliko mama aliyewazaa. Nyangeta hakuwa mmoja wao. Neema mwenyewe analo jina la ukoo la mwanamume aliyekufa kabla mama yake hajaota meno.

Kwa Neema hakukuwa na kitenge. Ana stesheneri yake pale Manyamanyama, mbele anatoa nakala na kupiga chapa, nyuma ni chumba kimoja chenye kitanda, stuli mbili na rundo la makaratasi. Alinipa chai ya maziwa na viazi vitamu, akaweka kompyuta juu ya stuli, akavuta pazia kwa sababu jua la saa nane lilikuwa linapiga kwenye kioo. Aliniambia kwamba mama yake, miezi ile ya mwisho, alikuwa akisimulia sinema moja tu. Mwanzo walidhani ni homa. Alisimulia mapipa, wanawake wawili, mwanamume mwenye kofia, ziwa. Neema akaandika masimulizi yale kwa Kiingereza, akayapeleka mtandaoni kwa watu wanaopenda sinema za zamani. Wengi walimcheka. Mmoja akajibu kwamba anaijua, kwamba huko Japani ilioneshwa wiki chache ikakosa watu ikaondolewa, na aliyeitengeneza hakutengeneza nyingine. Leo wamebaki watu wachache, waliotapakaa duniani, ambao wanaipenda kama dhehebu na wanabishana juu ya kila kipande chake. Na akaongeza, kwa heshima, kwamba ndani ya mapipa yale si pombe.

Neema akabonyeza, picha ikaja, na mimi nikapiga kelele, "Ni bluu!" Neema akashtuka. Hakujua ninachosema. Yule binti wa kwenye sinema alikuwa ametoa mikono yake kwenye pipa, na mikono ilikuwa ya bluu mpaka kwenye viwiko, bluu ya kalamu ya mwalimu. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa naijua mikono ile kuwa ya kijivu. Niliisemea mwenyewe, kwa kipaza sauti, mbele ya watu waliojaa banda zima la video. Nilisema imeungua kwa maji ya pombe.

Ule ulikuwa mwaka sabuni ilipoanza kurudi madukani. Kabla yake tulikuwa tumefulia majani ya mpapai mpaka nguo zote zikawa na rangi moja, na mtu akipata kipande cha sabuni alikifunga kwenye kitambaa na kukificha ndani ya unga. Ghafla vitu vikaanza kuingia kupitia mpakani Sirari: sabuni, mafuta ya kujipaka, mitumba, betri, na pamoja navyo deki za video. Mzee Wambura alikuwa wa kwanza kuleta deki Mwigobero, kule Musoma wanakoshushia samaki. Alikuwa na banda lililowahi kuwa stoo ya nyavu. Akalipanga mabenchi, akaweka televisheni juu ya kabati, akaning'iniza gunia kwenye kila dirisha. Wavuvi waliokwisha kuuza samaki waliingia saa nane mchana, wamenyoosha miguu, na harufu ya dagaa iliingia nao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yamekuja mabaya, na kitu pekee nilichokiogopa duniani kilikuwa kurudi Majita kulima muhogo. Mzee Wambura alinipa kazi ya mlangoni. Msemaji wake, yaani yule anayekaa pembeni ya televisheni na kueleza kwa Kiswahili wanachosema Wachina wanaopigana, aliondoka kwenda kutafuta dhahabu Buhemba. Basi Mzee akanitazama akasema, "Wewe si ulisoma? Chukua hii kipaza. Hao Wachina wanasemaga nini cha maana? Sema tu."

Nilisema tu. Niligundua kwamba naweza. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na uongo, na watu walinipenda. Wavuvi walinisalimia sokoni kwa maneno niliyowatilia wapiganaji mdomoni. Nasema haya bila haya, maana katika maisha yangu yote sijapata tena kazi niliyoiweza vile, na ndiyo niliyoitumia kufanya ubaya.

Nyangeta nilimpata mwaka huohuo, kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Nyasho. Mwenye nyumba alitupangisha pamoja kwa sababu wote tulisema hatuna mume na hatupigi kelele. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na alipocheka alijishika kiuno kwa mikono miwili. Alikuwa anaanika dagaa Mwigobero. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, jiko la mkaa, ndoo mbili na kalenda ya mwaka uliopita tuliyoiacha kwa ajili ya picha. Tulikula ugali wa muhogo na furu wa kukaanga, wale samaki wadogo ambao sangara walikuwa hawajawamaliza bado, na Nyangeta alikuwa akinipa vichwa kwa sababu alisema msomi anahitaji akili. Chai tulikunywa bila sukari, halafu siku moja sukari ikapatikana, na tukainywa tamu mpaka tukaumwa tumbo, tukacheka. Sijui kama nimewahi kuwa na raha nyingine isiyo na sababu kama ile. Wiki nyingi zilipita kabla hajaniambia kwamba yeye ni mke wa mtu.

Aliniambia tukiwa tunachambua mchele. Baba yake alikuwa amekwisha kupokea ng'ombe. "Ni bibi mmoja wa kwetu," alisema, "Bibi Gati. Ana mali, hana kijana. Mimi nilikaa kwake miezi miwili. Sikupigwa, Pepe. Lakini aliniletea mwanaume mara ya kwanza, nikamkataa. Akaniletea mwingine. Huyo wa pili sikuulizwa." Alisema hivyo, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Alikuwa ametoroka na begi moja. Nilimwuliza kama baba yake anajua alipo. Akasema, "Akijua atanirudisha. Ng'ombe walishaoa tena, kaka yangu alishaolewa nao." Alikosea, alitaka kusema kaka ameoa, tukacheka sana kwa kosa hilo, yeye akiwa ameshika kiuno.

Kaseti ya Kijapani ilikuja katikati ya mwaka. Kulikuwa na Mjapani mmoja aliyekuja kufunga pampu, mtu mpole, alikaa nyumba ya wageni na kila jioni alitembea ufukoni akiokota mawe. Alipoondoka aliacha sanduku la kaseti, na Mzee Wambura akalichukua akitarajia karate. Karibu zote zilikuwa mechi za mchezo wa rungu na mpira mdogo ambao hakuna aliyeuelewa. Moja tu ilikuwa sinema. Deki yetu haikupatana na kaseti ya kwao: picha ilitoka bila rangi, na mstari mweusi ulikuwa unapanda polepole kutoka chini mpaka juu, kisha unaanza tena. Hakuna aliyepigana. Kulikuwa na mwanamke wa makamo, na binti, katika nyumba ya mbao kando ya maji, na mapipa makubwa kwenye ua. Mzee Wambura alitaka kuizima. Lakini wanawake waliouza samaki, ambao kwa kawaida hawakuja kutazama Wachina, walikuwa wameingia siku ile kukwepa mvua, na mmoja wao akasema kwa sauti, "Hee, kumbe na Wajapani nao wanayo nyumba ntobhu!"

Banda zima likapata akili. Ilikuwa wazi. Mama mwenye mali, binti mgeni, hakuna mume. Mapipa ni pombe, huyo mama ni mpika pombe mashuhuri, utajiri wake ndiyo huo. Akatokea mwanamume mwenye kofia, akakaa kizingitini, akapewa kikombe. Wanawake wakaguna wote kwa pamoja, maana huyo alikuwa ndiye mwanamume wa kuzaa naye. Mbele kidogo yule binti akaonekana amebeba kitu mgongoni, kimefungwa kwa kitambaa, na vigelegele vikapigwa. Amejifungua! Mimi nilikuwa natazama tu na kuwafuata nyuma kwa kipaza, nikimpa mama jina, nikimpa binti jina, nikimtilia mtoto kilio. Sasa, kwenye chumba cha Neema, nikaona kwamba mapipa ni ya kutia rangi nyuzi, kwamba binti amewekwa na baba yake kwa yule mama afanye kazi mpaka muda wake uishe, na mwanamume mwenye kofia ndiye aliyewaleta mabinti wote kwenye nyumba hiyo na alikuwa amekuja kuongeza muda. Na mtoto niliyemliza kila siku kwa miezi minne alikuwa mzigo wa nyuzi.

Sinema ile ikapendwa kuliko karate. Waliiita Mapipa. Walitoka mpaka Bweri kuja kuitazama, akina mama waliacha samaki kwa jirani, na walibishana nayo kama wanavyobishana na mtu. Nyangeta aliitazama kila aliposhinda karibu, amekaa benchi la nyuma, beseni tupu la dagaa magotini. Mwisho wake ndio alioungoja. Mwishoni ni asubuhi, binti anasimama mlangoni, mama anamwambia maneno machache, binti anatoka. Anatembea mpaka kwenye maji. Hageuki. Mama anabaki anasuuza bakuli. Hapo watu wenyewe hawakuniambia cha kusema, ikabidi niseme ninachokiona, na nilichokiona nilikisema: "Anaondoka. Haangalii nyuma." Kila siku hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wengine walimtukana binti, wengine walimtukana mama. Nyangeta alikuja kuniambia jambo lake tukiwa nyumbani, akiwa anapuliza mkaa. "Pepe, nimeamua. Yule msichana ana mtoto na ameondoka. Mimi hata mtoto sina. Jumamosi kuna boti ya Ukerewe. Si una shangazi kule?" Nilisema ninaye. "Hatanipokea nikienda peke yangu, hanijui. Twende wote, unifikishe, wewe urudi kesho yake." Nikasema sawa. Nilisema kwa moyo mmoja kabisa, nataka hilo lieleweke. Hiyo ilikuwa Jumapili.

Jumanne nilikwenda nyumbani kwa Mzee Wambura, Mwisenge, kuchukua ufunguo wa banda. Mke wake alinikaribisha jikoni, akanipa uji. Kuta za nyumba ile hazikufika juu, na sauti zilipita kutoka sebuleni bila kupungua. Kulikuwa na mgeni. Nilisikia sauti ya mwanamke mzee, ya taratibu, isiyo na hasira hata kidogo. "Mke wangu yuko hapa mjini, Wambura. Anaanika dagaa hapo chini. Na anayemlalisha ni huyo msichana wako wa kipaza." Mzee Wambura akasema, "Dada, tulia. Huyo msichana anakula kwa mkono wangu." Nikaacha uji. Sikujua, naapa sikujua, kwamba Bibi Gati ni dada yake. Musoma ni mji mdogo, mtu yeyote angeweza kuniambia. Mke wa Mzee Wambura alikuwa ananitazama huku akipangusa sufuria, na nadhani alinihurumia, maana aliniongezea uji bila kuuliza.

Mzee alinipa ufunguo mwenyewe. Hakunifokea. Ningependa angenifokea, ningekuwa na la kujitetea leo. Alisema, "Pepe, Alhamisi dada yangu anakuja kutazama Mapipa. Amesikia habari yake. Ule mwisho wako si mzuri. Unaharibiaga watu nyumba. Wewe unajua Kijapani?" Nikasema sijui. "Basi unajuaje huyo binti anaondoka? Labda anaenda tu kuchota maji." Kisha akanipa mche mzima wa sabuni, ya bluu, mpya, bado ina makaratasi, akasema nikafue. Nimewahi kujiambia kwamba nilimwuza Nyangeta kwa sabuni. Hata huko ni kujipamba. Sabuni ningeweza kuirudisha. Nilichoogopa ni jembe la Majita, na wasichana tuliosoma nao wakipita barabarani na kuniona nalo. Huo ndio ukubwa wa jambo lililoniogopesha.

Alhamisi Bibi Gati alikaa mbele, kwenye kiti, si benchi. Alikuwa mwembamba, amevaa gauni safi la kanisani na viatu vya raba, ameshika mkoba magotini. Sikumwona kuwa mbaya, na hilo linanisumbua hadi leo. Alitazama mapipa, akacheka mahali watu walipocheka, na mtoto alipotokea mgongoni alijifuta macho. Nyangeta alikuwa nyuma. Hakujua kwamba bibi yuko pale mpaka alipokwisha kukaa, na alipomwona hakukimbia, alinitazama mimi. Nafikiri alikaa kwa sababu ya mwisho. Alitaka Bibi Gati ausikie mwisho ule ukisemwa kwa kipaza, mbele ya watu, na mtu mwingine, ili yeye asihitaji kuusema. Alikuwa na mtu wa kumsemea. Nilikuwa mimi.

Binti akasimama mlangoni. Mama akasema maneno yake. Mstari mweusi ukapanda. Nikasema, "Anaenda ziwani kuchota maji. Anasema, mama, bandika chungu, narudi sasa hivi." Akina mama wakapiga makofi, kumbe siku zote walikuwa wanautaka mwisho huo. Mvuvi mmoja akapaza sauti, "Mbona hana ndoo?" Nikamjibu haraka, "Ndoo iko hukohuko ziwani!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwenye kipaza. Nyangeta alisimama, akafunga kanga vizuri, akachukua beseni lake akatoka. Bibi Gati hakugeuka hata kumtazama.

Nilirudi Nyasho jua likiwa bado liko juu. Alikuwa amepika. Chakula changu kilikuwa kimefunikwa kwa sahani, na vichwa vya furu vimewekwa upande wangu. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Kesho narudi kwetu." Nikamwuliza, "Umeamua?" Akasema, "Ndiyo." Nikakaa nikala. Nilikula vyote, na ndani yangu kulikuwa na kitu kimelegea ambacho nakijua jina lake: nafuu. Asubuhi walipanda lori la kwenda Butiama, yeye na bibi, na aliniachia jiko lake la mkaa.

Kazi yenyewe niliyoilinda haikumaliza mwaka. Wengine walileta deki kubwa zaidi, wasemaji wanaume wenye sauti nzito wakaja kutoka Mwanza, na Mzee Wambura akaninyang'anya kipaza bila hata mche wa sabuni. Nilirudi Majita. Nililima muhogo. Wasichana wale walipita barabarani wakaniona, wakanisalimia vizuri, wakaenda zao. Nilikuja kuolewa, nikahamia mjini tena, nikauza mitumba, nikalea. Nyangeta nilimtembelea mara moja, Neema akiwa anajifunza kutembea. Alikuwa amezaa watatu kwa wanaume aliochaguliwa, wawili wamekufa. Mkono wake wa kushoto haukunyooka, na sikuuliza. Aliniwekea kiti, akanichemshia viazi, akaniuliza kama ile kaseti bado ipo. Nikamwambia Mzee Wambura alirekodi ngumi juu yake. Akacheka, ila hakushika kiuno. Nikaondoka mapema kuwahi gari, na sikurudi tena mpaka msiba.

Miaka yote hiyo nilikuwa na maelezo yangu, na niliyazoea. Nilijiambia Nyangeta alidanganywa na sinema. Kwamba alikuwa msichana wa kijijini, aliyeamini kinachosemwa kwenye kipaza. Aliposikia binti yule anarudi, naye akarudi. Kosa lilikuwa la lugha. Nani alijua Kijapani? Niliwahi hata kuisimulia kwenye harusi kama kichekesho, habari ya mapipa na mtoto wa nyuzi, watu wakacheka mpaka wakashika meza. Mwisho nilikuwa nauruka.

Kwa Neema hakukuwa na kuruka. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini ya picha, ameyaweka mmoja wa wale waumini wa mtandaoni, lakini macho yangu hayawahi tena, kwa hiyo Neema alikuwa ananisomea kwa Kiswahili, amekaa pembeni ya kompyuta, mahali hasa ambapo mimi nilikuwa nikikaa. Ana sauti ya mama yake. Tukafika asubuhi ile. Binti mlangoni, mikono ya bluu. Mama mwenye mapipa akasema maneno yake machache, na Neema akayasoma polepole: "Mtu wa kofia amelala. Mimi pia niliwekwa hapa na baba. Nenda, kabla sijabadili moyo." Binti akainama, akavua viatu vyake vya mbao ili visigonge sakafu, akavishika mkononi, akatoka. Mama akachukua bakuli akaanza kusuuza, kwa kelele, ili anayelala asisikie hatua. Ndivyo ilivyokuwa. Yule mama ndiye aliyemfungulia mlango. Maneno hayo yote nilikuwa nayo mdomoni siku ile, bila kujua Kijapani, na badala yake nilimwambia Bibi Gati abandike chungu.

Nilianza kulia, na hapo sikupima kiasi. Nikamwambia Neema, "Mama yako nilimdanganya. Nilimwambia anarudi, akaniamini." Nilidhani hilo ndilo ungamo, na kwamba nimelifikisha.

Neema alisimamisha picha. "Hapana, mama mdogo," alisema. "Mama hakukuamini. Alikuwaga anacheka hapo. Anasema, nani anaenda kuchota maji bila ndoo, viatu kashika mkononi? Alijua huyo msichana anaondoka. Alisema, 'Nilikuwa nimemwomba Pepe anipeleke Ukerewe. Akanijibu mbele ya watu.'"

Nje mteja alikuwa anagonga kaunta akitaka nakala, na Neema hakwenda. Kwenye kioo yule binti alikuwa amegandishwa na mguu mmoja hewani, viatu mkononi, na rangi ile ya bluu. Nikauliza kitu ambacho mtu wa umri wangu hapaswi kumwuliza mtoto. Nikauliza kama mama yake alinisamehe.

"Hilo hakuniambia," Neema akasema. "Aliniambia niitafute, nikuoneshe, na nisiseme kitu mpaka ifike mwisho."